Mwanamlima wa Mikocheni

Bwana mkubwa wa Mikocheni kaikataa pikipiki ya mtumba, Honda CG125, ati ni ya lami tu. Kajinunulia XR650L ya porini, matairi meno matupu, kiti sentimita 94 kutoka chini. Kwenye taa za barabarani pale Morocco husimama kwa ncha za vidole, akiomba kijani kiwahi. Porini kwake ni matuta ya mtaani.

Ile CG iliundwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wanaobadilisha oili pale wanapokumbuka. Nakala zake za Kichina ndizo zinazopandisha magunia milima ya Uluguru, dereva kavaa kandambili. Kwa hiyo, ndugu mnunuzi, kabla ya kuuliza pikipiki inafika wapi, jiulize wewe unakwenda wapi.