Jinsi ya Kuhoji Mtoki

Hongera, daktari. Umeingia wodini juzi, mgonjwa ana mtoki shingoni uliokaa majuma sita bila kuuma, na bosi wako amesema "tafuta jibu" kisha akaenda mkutanoni. Usihangaike. Fuata maelekezo haya.

Anza kwa kuubonyeza. Kila aliyepita ameshaubonyeza, kuanzia shangazi yake mgonjwa mpaka profesa, nawe usijitenge. Andika kwenye faili kwamba ni mgumu na unasogea, halafu andika TB. TB ya tezi imejaa kwetu, kwa hiyo mara nyingi utapatia, na hicho ndicho kitakachokuponza. Limfoma, saratani ya tezi hizohizo, nayo hupenda shingo, nayo huleta homa, kukonda na jasho la usiku. Mwandikie dawa za miezi 6, mwambie arudi. Tahadhari: akirudi amekonda zaidi, utamuuliza kwa nini anaruka dozi. Haruki.

Sasa mtoki utolewe mzima. Chumba cha upasuaji kina sheria ambayo haijaandikwa ukutani na hakuna anayeivunja: kitokacho mwilini hutumbukizwa kwenye formalini. Sista anakungoja na kichupa kilichojazwa tangu asubuhi. Mwambie, kwa adabu zote, "Sista, naomba nusu ibaki mbichi." Atakutazama kama uliyeomba chai. Shikilia hapohapo. Formalini hutunza umbo la seli vizuri sana, na huziua vizuri vilevile, wakati kromosomu utakazozihoji kuhusu limfoma hazihesabiki mpaka seli iwe inagawanyika. Kipande kibichi kitie kwenye kimiminika cha kuoteshea seli, kingine apewe anayetafuta vimelea vya TB, na vyote vifike maabara leo. Leo maana yake kabla gari la sampuli halijaondoka. Limeshaondoka. Usikiweke kwenye friza. Asubuhi utakikuta kwenye friza.

Fomu ijaze kwa ukamilifu: umri, mtoki ulipokuwa, hali ya VVU, dawa alizokwisha kumeza. Desturi ni kuandika "uvimbe?" na kutia sahihi isiyosomeka, na desturi hiyo ina faida yake, kwani mwanapatholojia akitaka kuuliza swali hatajua ampigie nani.

Huko maabara, seli zikikubali kuota hutiwa dawa inayozisimamisha katikati ya kugawanyika, huvimbishwa kwa maji yenye chumvi kidogo, hudondoshwa kwenye kioo na kupakwa rangi ya Giemsa mpaka kila kromosomu ionyeshe mistari yake. Kisha mtu mmoja huinamia darubini na kuchambua seli 20, moja baada ya moja. Usimharakishe. Vitabu vilisema binadamu ana kromosomu 48 mpaka mwaka 1956, Tjio na Levan walipozihesabu tena wakapata 46.

Ukiona seli moja yenye kasoro, tulia. Seli moja hukosea. Kinachotafutwa ni ukoo: angalau seli mbili zenye kasoro ileile ya kuhama au kuongezeka, au tatu ikiwa kuna kromosomu iliyopotea. Mtoki uliovimba kwa kupigana na maambukizi huwa na umati wa seli za koo nyingi. Limfoma ni watoto wa mama mmoja. Mfano wa kuutazama kwa karibu ni ile limfoma ya mataya ya watoto ambayo Denis Burkitt alikutana nayo Mulago, Kampala, mwaka 1957. Mwaka 1972 Manolov na Manolova waliona, katika seli za ugonjwa huo, mstari wa ziada kwenye kromosomu namba 14. Mwaka 1976 ikajulikana mstari huo ni kipande kilichotoka namba 8. Jeni ya MYC, inayoamuru seli igawanyike, huwa imehamia jirani na jeni za kingamwili, ambazo katika seli hizo hazizimwi kamwe. Amri ikitolewa haikomi.

Jibu likija "46, kawaida", ndugu watashangilia na wewe utajiunga nao. Usijiunge. Huenda zilizoota ni seli nzima tu, zenye ugonjwa zikagoma. Kromosomu hushitaki, kuachia huru hazina mamlaka hayo. Hata mashitaka yake yasomwe pamoja na kioo cha mwanapatholojia, maana hamahama ya kromosomu namba 14 na 18, alama ya limfoma ya folikula, vipimo vikali huiokota pia kwenye damu ya watu wasioumwa chochote. Ikiwa kila kitu kiliishia kwenye formalini, omba kipimo cha FISH, kinachoweza kusoma hata kipande kilichogandishwa kwenye nta. Ila hujibu ulichouliza tu. Utauliza kingine.

Hatimaye jibu kamili litafika, mgonjwa akiwa mwezi wa nne wa dawa za TB. Piga namba iliyo kwenye faili. Ni ya shemeji aliyemleta, na shemeji amebadilisha laini.