Bei ya Baridi

Kwetu Unguja ukionekana na jaketi, watu wanakuuliza homa imekuanza lini. Ndiyo maana niliposhuka stendi ya Same saa saba mchana, jua likiwaka kama halina kazi nyingine, nikamwonea huruma kijana wa bodaboda aliyejifunika jaketi zito la manyoya. Tena amelivaa nyuma mbele: zipu iko mgongoni, kofia yake inaning'inia chini ya kidevu. Kwa mbali sikujua kama anakuja au anaondoka.

"Sista, jaketi ni la upepo," akanieleza bila kuulizwa. "Na upepo unanipiga kifuani, haunipigi mgongoni."

Sikuwa na hoja. Ile kofia ya kidevuni nayo ndiyo ofisi yake: alitumbukiza mkono humo akatoa chenji, karanga na chaja ya simu.

Nilikaa kwenye benchi nikisubiri Noah ya kwenda Mbaga, juu milimani, ijae, nikawa natazama watu. Akapita Mmasai na rubega nyekundu, makatambuga ya tairi, na soksi ndefu za mchezaji mpira. Akafuata bibi wa Kipare: kitenge chini, koti la suti la kiume juu, mabega yamemzidi, kitambaa kichwani kimefungwa sawasawa. Alikuwa nadhifu kuliko mabwana harusi wengi niliowaona. Mimi na dera langu ndio tuliokuwa kituko. Same huvalii kioo, unavalia safari, na safari ya pale inaanzia kwenye vumbi la tambarare, inaishia kwenye ukungu.

Tulipopita Mwembe na kuanza kupanda, abiria wakafungua mifuko waliyoipakata. Sweta likatoka, jaketi likafuata, kisha mtandio. Dereva akavaa kofia ya sufu huku anakata kona, jambo ambalo ningependa nisilione.

Karibu zote zilikuwa mitumba. Mitumba ilianza kumiminika nchini katikati ya miaka ya 1980, biashara ilipolegezwa. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakakubaliana iachwe ifikapo 2019. Nadhani hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushuka Mbaga saa kumi na moja jioni na dera. Upepo ulilijaza likawa tanga la ngalawa, nami nikawa nalishika kwa mikono yote miwili, mkoba nimeuuma kwa meno.

"Mwanangu, utakufa," akasema mama niliyekaa naye. Akachomoa kwenye kiroba jaketi la wateleza theluji wa Ulaya, tiketi ya kupandia mlima bado inaning'inia kwenye zipu. Akanivisha mwenyewe, akafunga mpaka kooni. Nikamshukuru sana kwa kuniazima.

"Elfu kumi," akasema.

Nikamwambia elfu tano, au nalivua. Nikavuta zipu. Imekwama. Nikavuta tena kwa nguvu, huku natabasamu ili asigundue.

Mama akanitazama, akaitazama zipu.

"Basi kumi na mbili."