Kauli Sita za Mkurugenzi Zinazomnyima Mhasibu Usingizi

Ukitaka kujua afya ya shirika lisilo la kiserikali, achana na dira na dhamira zilizobandikwa mapokezi. Simama karibu na dirisha la mhasibu, usikilize bosi anamwambia nini. Mimi nimekaa upande wa ndani wa dirisha hilo. Tuhesabu kurudi nyuma, kuanzia ya kuchekesha hadi ya kuzika.

6. "Risiti tutatafuta baadaye."
Karudi kutoka semina Dodoma na bahasha: tiketi ya basi iliyolowa soda, risiti moja ya chakula, na kipande cha daftari kilichoandikwa "boda 15,000", mwandiko wake mwenyewe. Bosi, masurufu hayarejeshwi kwa kumbukumbu. Fomu ya mkaguzi haina kisanduku cha "aliapa".

5. "Sisi hatufanyi biashara, kodi inatuhusu nini?"
Inakuhusu kila tarehe 7, siku ya mwisho ya kupeleka TRA PAYE ya mwezi uliopita. Umewakata wafanyakazi halafu ukanunulia dizeli? Huko si kubana matumizi, ni kukopa serikalini bila kuomba. Na mkopeshaji huyo anatoza riba, tena ofisi anaijua.

4. "Kitabu kizima cha hundi nimeshasaini, wewe jaza tu."
Ahsante kwa imani. Lakini sahihi mbili ziliwekwa ili watazame watu wawili, si ili ziishe wino kalamu mbili.

3. "Euro ni euro."
Tuseme bajeti ilipigwa euro moja kwa shilingi 2,900, hela zikaingia kwa 2,700. Kwenye euro 50,000, milioni 10 zimeyeyuka. Mwizi hakuna, polisi hawana wa kumkamata, na kijijini wanasubiri visima vilevile vitano.

2. "Taarifa ya fedha niliiona."
Kuiona aliiona. Aliruka kurasa hadi kwenye jumla, kama mtu anayetafuta matokeo ya mechi. Angesoma safu tatu tu: bajeti, matumizi halisi, tofauti. Mradi wa mwaka mmoja, mwezi wa tisa: fungu la mafunzo limetumika asilimia 20, la mafuta asilimia 98. Hapo huhitaji shahada ya uhasibu kuuliza: gari linakwenda wapi kila siku, ikiwa hatumfundishi mtu?

1. "Si kuna hela benki?"
Zipo, milioni 84. Toa 61 za mradi wa maji. Toa 15 za mradi wa vijana. Toa 6 za PAYE na NSSF. Zetu ni 2. Benki inakutajia salio. Haikwambii la nani. Ukilipia pango kwa hela za maji, "tutarudisha mfadhili mwingine akituma", umechimba kisima kweli, ila cha kuzikia shirika. Siku mfadhili wa maji akikagua, atayakataa matumizi hayo na kudai chake. Utamrudishia nini?

Hakuna anayemtaka mkurugenzi awe CPA. Anatakiwa kujua kuuliza.

Juzi wangu alichungulia dirishani. "Katika hizo zilizopo benki," akasema taratibu, "zetu ni ngapi?"

Kikokotoo kikanidondoka. "Milioni mbili, bosi."

Akavuta kiti, akakaa.