Ulichochukua Kirejeshe

Kurekodi muziki nyumbani, wanasema, siku hizi ni jambo jepesi. Unahitaji kompyuta, maiki, hedifoni na programu ya kurekodia, na programu nyingine hata hazilipiwi. Audacity ipo tangu mwaka 2000 na haijamdai mtu senti. Wanaosema hivyo husahau kutaja kifaa cha tano, nacho ni ukimya. Hicho hakiuzwi Kariakoo, na mimi Kariakoo naijua, maana mchana nauza vitambaa hapo kwenye duka la mtu. Usiku naimba. Sina lebo, sina meneja, sina mdhamini. Nina chumba kimoja cha kupanga Tandika, dirisha linatazama uchochoro, mlango unatazama korido yenye vyumba vingine vitano.

Wanaopenda kunitia moyo wana visa vyao viwili. Cha kwanza ni cha Bruce Springsteen, Mmarekani aliyejirekodi nyumbani kwake New Jersey kwa mashine ndogo ya kaseti ya njia nne. Alikusudia iwe demo tu, ya kuwasikilizisha wapigaji wa bendi yake, lakini mwishowe kaseti ileile ndiyo iliyotolewa kuwa albamu, Nebraska, mwaka 1982. Cha pili ni cha Billie Eilish na kaka yake Finneas, walioitengeneza albamu ya 2019 chumbani, nyumbani kwao Los Angeles, wakaenda kuzoa Grammy. Visa vyote viwili navikubali. Ila nina hakika huko New Jersey hakupita mtu dirishani na spika begani akitangaza dawa ya mende, kunguni, panya na siafu.

Huyu muuza dawa ni mshirika wangu wa lazima. Tangazo lake limerekodiwa mara moja, linajirudia mtaa kwa mtaa, na linanikera zaidi kwa kuwa limerekodiwa vizuri kuliko nyimbo zangu. Maneno yanasikika moja moja, hakuna mwangwi, sauti imekaa mbele. Kwenye demo yangu anaingia ubeti wa pili, mahali ninaposema sijalala tangu uondoke. Baada ya "sijalala" anafuata yeye: kunguni.

Maiki niliinunua kwa muuzaji aliyeniapia kwamba ndiyo hiyohiyo wanayotumia wasanii wakubwa. Huenda alisema kweli. Ilikuwa ya kondensa, na maiki ya kondensa haisemi neno mpaka iletewe volti 48 kupitia waya wake, umeme ambao kompyuta yangu haiutoi. Nikarudi kununua kadi ya sauti, ambayo bei yake iliizidi maiki yenyewe. Hapo ndipo maiki ilipoamka, na ikawa inasikia kila kitu: feni, jokofu la jirani, kuku, na tumbo langu.

Kuta tupu hurudisha mwangwi, kwa hiyo ushauri wa kawaida ni kutundika mablanketi. Nikatundika. Kuna jambo hawakwambii: blanketi hunasa sauti kali za juu, lakini besi hailitambui kabisa. Wimbi la besi la mitetemo 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 7, na chumba changu hakifiki hata mita 4. Maana yake, sabufa ya kijana wa chumba cha nne ikiingia kwangu, nusu yake bado iko koridoni. Na feni lazima izimwe. Sasa jifikirie Dar es Salaam, mwezi wa Februari, saa tano usiku, umejifunika blanketi gubigubi, feni imezimwa, unaimba mapenzi. Kile kilio kwenye kiitikio, ambacho watu wamekisifu kwamba kimejaa hisia, ni jasho lililoniingia machoni.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Zanzibar hadi Bombay kwenda kurekodi santuri. Zamani nikisoma habari hiyo nilikuwa namhurumia kwa safari. Siku hizi namwonea wivu: bahari nzima kati yake na majirani!

Lakini kurekodi ni nusu ya taabu. Nusu nyingine ni kuomba maoni, na hapa kwetu hilo ni gumu kuliko volti 48. Sisi ni watu wa adabu. Mgonjwa yuko taabani, dripu mkononi, ukimuuliza hali anakwambia hajambo kidogo. Unapiga simu kwenu kuuliza habari za nyumbani, unajibiwa nzuri tu, ila babu tumemzika jana. Watu wa namna hiyo utawauliza vipi kama kiitikio kimepwaya?

Wimbo wenyewe unaitwa "Kirejeshe". Ni wa mwanamke aliyeachwa, anamdai aliyemwacha moyo wake: ulichochukua kirejeshe, sidai kingine. Una dakika 3 na sekunde 40. Niliutuma WhatsApp kwa ndugu na marafiki, nikaandika chini yake: naomba maoni ya kweli, msinionee haya. Jibu la kwanza lilikuja haraka mno, alama za moto zimepangwa mstari mzima. Nikatazama saa. Huyu mtu alikuwa ameungua kabla sijafungua mdomo, wakati gitaa bado linaingia. Rafiki yangu mwingine akaandika, "Umetisha sana dada!" na papo hapo akaniambatishia kadi ya mchango wa sendofu.

Mjomba aliyeko Tanga alijitahidi zaidi. Yeye nilimtumia kwa ujumbe wa sauti, maana mafaili hayawezi. Akanipigia mwenyewe. "Mwanangu, sauti unayo, hilo halina ubishi. Lakini mbona unakimbia? Nani anakufukuza?" Nikaupunguza kasi wimbo wote, nikamtumia tena. Akasema bado. Nikaupunguza zaidi mpaka ukawa wa matanga, akasema hapo sasa umeanza kutulia. Alipokuja Dar kwa shughuli zake ndipo nilipomwona anavyosikiliza. WhatsApp tangu 2021 ina kitufe cha kuharakisha ujumbe wa sauti, na mjukuu wake aliwahi kukigusa kikabaki kwenye mbili. Kwa kuwa kitufe hicho huongeza kasi bila kupandisha sauti, mjomba hakuona tofauti yoyote. Ndugu zake wote anawasikia hivyo, na ameshahitimisha kwamba watu wa Dar wana haraka.

Mama alipiga usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kachukua nini?"

"Nani?"

"Huyo mwanaume. Kachukua nini? Ni ile simu mpya?"

"Hakuna mwanaume mama, ni wimbo."

"Wimbo nimeusikia. Nakuuliza kitu."

Kesho yake shangazi alitaka kujua ukoo wake. Haikupita wiki, baba mdogo akajitolea kwenda kuzungumza naye kiume, na vijana wawili. Mtu ambaye hajapata kuishi alikuwa amekwisha kuitiwa kikao, na kuhusu melodi hakuna aliyesema neno.

Kijana mmoja mwenye studio Mbagala ndiye pekee aliyeusikiliza kwa kichwa cha kazi. Alifumba macho, akatikisa mguu, akausimamisha mguu. "Dada, umeimba vizuri," akasema, "ila umeuimbia wimbo mwingine." Alikuwa sahihi. Kompyuta inapotoa biti masikioni mwako na kupokea sauti yako, huku na huku huichelewesha kwa vijisehemu vya sekunde, na ukitandika sauti juu ya sauti bila kurekebisha, ucheleweshaji unaweza kujumlishana. Mimi nilikuwa nimejiitikia mwenyewe mara tatu, na kila mwitikio umefika kwa daladala yake. Akazivuta zote zikakaa mahali pake, dakika kumi kazi imekwisha. Nikamwomba aondoe na yule muuza dawa. Akaruka. "Hapana, hapo usiguse! Hapo ndipo palipo na mtaa!"

Nikaupeleka kwenye bajaji, kwa sababu wajuzi husema wimbo usiusikilize kwenye hedifoni nzuri peke yake. Spika ya simu haiwezi besi, sabufa haiwezi kingine, na bajaji ina injini. Ukisikika vizuri humo, utasikika popote. Dereva alikubali, akauunganisha. Alikuwa muungwana. Hakuuzima, aliupunguza kidogo kidogo kuanzia kituo hadi kituo, hadi ukawa unaonekana umeisha wenyewe, ndipo akafungulia mjadala wa Simba na Yanga. Abiria wa nyuma akauliza, "Huyo mama alikuwa anadai nini?"

Wakati nahangaika huku na huko na demo mkononi, wasikilizaji wangu wa kweli nilikuwa nalala nao nyumba moja. Nyumba yetu haina dari. Kuta zimepanda, zikaishia pale saruji ilipomwishia mwenye nyumba, na juu yake ni wazi hadi kwenye bati. Mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, anaombewa rehema kutoka chumba cha sita. Na mimi, wiki nzima, kila usiku baada ya sabufa kuzimwa, nilikuwa nakirudia kiitikio kilekile nikitafuta pumzi ya kukimaliza vizuri. Wao biti hawaisikii, maana iko masikioni mwangu. Wanachosikia ni mwanamke, gizani, anasema: ulichochukua kirejeshe. Kimya. Ulichochukua kirejeshe. Anakohoa, anakunywa maji. Ulichochukua, kirejeshe.

Watu wa pwani tumelelewa na taarabu. Wimbo kwetu hauna bahati ya kuwa wimbo tu. Una mwenyewe, na mwenyewe anajijua. Mtu akivaa kanga mpya, kwanza tunasoma jina lake, halafu tunaangalia leo amepita mlangoni kwa nani.

Asubuhi nikasikia hodi. Jirani wa chumba cha pili amesimama, kanga kaifunga kifuani, mkononi ana sufuria langu na mfuniko wake, limesuguliwa kwa mchanga mpaka linang'aa. Hata sikukumbuka kwamba alikuwa nalo.

"Mwenzangu," akasema, macho yako kwenye sufuria, "hili si ungeniambia tu?"

"Lipi?"

"Sufuria nimekaa nalo tangu Mfungo Mosi, sikatai. Lakini kuimbiana usiku kucha, na watoto wanasikia..."

Nilijaribu kumweleza. Nikamvika hedifoni, nikampigia wimbo wote. Akausikiliza akiwa amesimama wima, na ulipofika kwenye kiitikio akavua hedifoni akanirudishia. "Nimeshaelewa," akasema. "Sufuria ndilo hilo."

Mchana, mtu wa chumba cha tano akanipa elfu tano yake ya umeme wa LUKU, deni nililokuwa nimeshalisamehe moyoni. Jioni ikarudi mbuzi ya kukunia nazi. Kesho yake ukarudi mwavuli, halafu kitabu cha shule cha darasa la nne, halafu bakuli la bluu ambalo si langu, halijawahi kuwa langu, na aliyelileta hakukubali kuondoka nalo. Mwenye bakuli hilo hajapatikana hadi leo. Nalihifadhi uvunguni, nikiogopa kuulizia mlango kwa mlango nisije nikaonekana nimetunga ubeti mwingine.

Kama hiyo ndiyo nguvu ya demo, nadhani wanamuziki wengi wanakosea kukimbilia redioni. Mimi redioni nilikwishajaribu, nikaambiwa nitume, wataisikiliza.

Habari zikamfikia mama mwenye nyumba. Alikuja Jumapili, akaketi kitandani, akaitazama maiki kwa heshima ambayo hajawahi kunionyesha mimi.

"Mwanangu, nasikia nyimbo zako zinafanya kazi."

"Tunajitahidi, mama."

"Nina mtu hapa, miezi minne hajanipa kodi. Jina usimtaje, mimi si mtu wa kutangaza watu. Wewe imba tu habari ya mtu anayelala pasipo pake, na muziki mkubwa."

Nilikaa kuwaza COSOTA, wale wa hakimiliki, wangeusajili wimbo huo katika fungu gani: mapenzi, dini au makusanyo. Lakini msanii anayejitegemea hachagui kazi, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimepata mtu aliyenitafuta yeye. Nikajikaza, nikadai malipo. Nikamwambia anitengenezee dari, hata la mbao nyembamba, niweze kurekodi kwa utulivu.

Akanitazama muda mrefu. "Nikikuwekea dari, atausikiaje?"

Tukaelewana punguzo la kodi la mwezi mmoja. Usiku uleule nikaanza. Kiitikio kilikuja chenyewe, ubeti ukanisumbua, nikawa naurudia na kuurudia chini ya blanketi. Sabufa ikazimwa. Muda si mrefu nikasikia hodi, nikajua yamefika. Kijana wa chumba cha nne, fulana ya ndani, kandambili za rangi mbili.

"Dada, samahani, sijakuamsha?"

"Hapana, karibu."

"Nimekuwa nikikusikiliza. Huu mpya mzuri kuliko ule wa kurejesha. Ila ubeti wa pili mrefu, kata mistari miwili ya mwisho. Na pale unaposema kodi, usishuke. Panda. Ukishuka unaonekana unaomba."

Nikapanda. Nikakata ile mistari miwili. Alikuwa na haki kwa yote mawili. Sijawahi kupata maoni ya namna ile kwa mtu yeyote, wala kwa yule wa Mbagala.

"Na maneno?" nikamuuliza. "Maneno unayaonaje?"

"Ah, maneno makali," akasema, akitikisa kichwa. "Huyo jamaa atajisikia vibaya sana."