Semeni Tu ni Lori la Magodoro

Ujumbe huanza kwa mapenzi. "Mpendwa mteja," unasema, na yeyote aliyekaa mtaa wa Kariokor kwa muda anajua kwamba ukishaitwa mpendwa na kampuni ya intaneti, jioni yako imeharibika. Kisha unaambiwa kuna matengenezo yaliyopangwa. Yamepangwa na nani, lini, na kwa nini mimi sikualikwa kwenye kikao hicho, ujumbe hausemi. Hufika nusu saa baada ya mtandao kukatika, na kwa maelezo zaidi unaombwa utembelee tovuti yao.

Kampuni ninayoilipa nitaiacha bila jina. Si kwa huruma. Nikiitaja moja tu, jirani anayelipa nyingine atadhani yeye amepona.

Matengenezo ya kweli, yale ambayo mtu amekaa ofisini akayapanga, huwekwa kati ya saa sita usiku na alfajiri, kwa imani kwamba watu wamelala. Aliyeamua hivyo hajawahi kulala kwenye gorofa yetu. Usiku wa manane ndipo kijana anayekaa juu yangu anapokuwa kazini, kwa sababu wanaomlipa wako Marekani na huko jua halijatua. Mwanafunzi wa chuo wa mlango wa pili ana kazi ya kuwasilisha kabla ya alfajiri, na kwa desturi ya wanafunzi wote ataifungua saa sita usiku. Halafu kuna mpira. Mechi ya Ulaya ikianza saa nne au saa tano usiku, ikaingia muda wa nyongeza, penalti zinapigwa saa ileile ambayo mtaalamu fulani anavuta waya. Nimeshasikia gorofa nzima ikipiga ukelele mmoja, na haikuwa kwa sababu ya bao.

Waya wenyewe ni kioo. Uzi mwembamba kama unywele, na ndani yake inapita nuru. Unakuja ukining'inia kwenye nguzo za stima, unaingia kwenye kisanduku, na humo nuru ya uzi mmoja hugawanywa kwa nyumba 8, 16, 32, pengine 64. Ni utaalamu mzuri, kwa maana kampuni hailazimiki kuweka mtambo wa umeme kila kona. Ubaya wake ni kwamba uzi huo ukikatika karibu na Soko la Kariokor, ploti nzima inaingia msibani pamoja. Kutoka kisandukuni, nyaya huvuka balkoni zetu zikipishana na kamba za kuanikia nguo, na siku hizi sijui upi ni wa intaneti, upi ni wa mpangaji aliyehama zamani, na upi umeshikilia blanketi.

Ndani ya nyumba kuna kile kidude cheupe chenye taa. Taa tunayoiogopa imeandikwa LOS, na ikiwaka nyekundu maana yake nuru haifiki. Mtoto wa jirani hajaanza shule, herufi hazijui, lakini LOS anaitambua. Stima nazo zikipotea, nuru inaweza kufika salama hadi mlangoni ikakuta kidude kimezimika. Hapo lawama ni za kampuni nyingine, yenye mapenzi yake na ujumbe wake.

Sasa kuna jioni moja ambayo sitaisahau, kwa sababu ndiyo iliyonionyesha idadi ya wategemezi wangu.

Kwa kawaida waifai ikienda, watu hutoka kwenye korido na kuulizana, "Kwako iko?" Ni swali la haki kwa anayelipa. Jioni hiyo watu hawakuulizana. Walinijia mimi. Wa kwanza alikuwa kijana wa kinyozi pale chini. "Anko, waifai imeenda wapi?" Nikamwambia hata mimi nashangaa. Akanitazama kwa muda. "Lakini ulilipa?"

Akafuata mama wa chapati. Kumbe oda zake zote huja kwa WhatsApp, na mteja wa Ngara alikuwa amekatikia katikati, hajasema anataka ngapi. "Jirani, mimi siwezi kufanya biashara hivi," aliniambia, mikono ikiwa bado na unga. Mwisho akashuka mzee wa gorofa ya tano, ambaye kwenye ngazi huwa ananipita kana kwamba mimi ni sehemu ya ukuta. Jioni hiyo aliniamkua. Akasema kwamba hata wiki iliyopita mtandao ulikuwa ukisuasua, ila alininyamazia kwa heshima.

Paswadi nilimpa mpwa wangu alipokuja likizo ya Desemba. Mpwa wangu ni mtu mkarimu.

Basi nikajikuta mimi ndiye kampuni. Nikawaomba radhi kwa usumbufu. Nikasema tatizo linashughulikiwa. Nikatamka mpaka "changamoto za kiufundi", maneno ambayo sijawahi kuyatumia tangu nizaliwe, na yalinitoka laini kabisa, maana nimeandikiwa mara nyingi mno. Kitu kimoja nilikiona wazi nikiwa upande huo wa mlango: kila nilipoomba radhi, mzee wa gorofa ya tano alizidi kukasirika. Alitaka kujua nini kimetokea. Sikuwa na la kumwambia.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Baada ya muziki mrefu akapokea dada mwenye sauti ya kumbembeleza mtoto. Akaniomba nizime kidude, nihesabu hadi thelathini, niwashe. Nikamwambia, dada yangu, LOS ni nyekundu. "Sawa kabisa, bwana. Sasa zima, uhesabu hadi thelathini." Tukahesabu. Nyekundu ikazimika, ikawaka tena nyekundu. Alinipa namba ya malalamiko ndefu kuliko ya kitambulisho, na hata sijaweka simu chini, ujumbe ukaingia ukitaka niipime huduma yake kuanzia 1 hadi 5. Sifuri haikuwepo.

Fundi alikuja kesho yake kwa bodaboda, yeye na ngazi yake wakiwa abiria wawili. Hakuhitaji vipimo. Aliuliza sokoni. Muuza sandali za ngozi alikuwa ameyaona yote: saa kumi na moja jioni, lori lililopakia magodoro mpaka karibu na mbingu lilinasa waya na kuondoka nao kuelekea Ring Road. Mtaa huu ulirithi jina la Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, na mpaka leo kazi yake ni kubeba na kubebesha, kwa hiyo lori la aina hiyo si ajabu. La ajabu ni kwamba wakati simu yangu inaniambia habari za matengenezo yaliyopangwa, muuza sandali alikuwa na taarifa kamili, pamoja na rangi ya lori.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kutazamwa, na tuliitazama. Fundi aliuvua uzi ngozi yake, akaupangusa kwa spiriti, akaukata sawasawa kwa kikata chake kidogo, akaulaza ukikabiliana na mwenzake ndani ya mashine. Cheche ya umeme ikayeyusha kioo, nyuzi mbili zikawa moja, na skrini ikaonyesha nuru iliyopotea pale penye kiungo ni ndogo sana. Harufu ya nyama choma ya sokoni ilikuwa juu yetu na hakuna aliyeondoka. Nikamuuliza, haya ndiyo yale matengenezo yaliyopangwa? Akacheka. "Mzee, hiyo ni lugha ya ofisi. Mimi niliambiwa kuna waya umelala barabarani."

Lori si aibu. Intaneti ya dunia hukatwa na mambo ya kiwango hichohicho. Mwaka 2011, bibi wa miaka 75 huko Georgia, akichimbua shaba ya kuuza, alikata waya wa ardhini na karibu Armenia yote ikakosa intaneti kwa saa kadhaa. Waandishi walipomfuata, alisema hajui hiyo intaneti ni kitu gani. Februari 2012 meli iliteremsha nanga pasipofaa Mombasa na kuukata mkongo wa intaneti wa baharini wa TEAMS, uliokuwa umefika pwani yetu mwaka 2009. Mapema 2024 meli ya mizigo Rubymar, iliyopigwa na kombora la Wahuthi, ilielea Bahari ya Shamu ikiburuta nanga, na inaaminika nanga hiyo ndiyo iliyokata mikongo kadhaa, Seacom ikiwemo. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, mikongo ya EASSy na Seacom ikakatika siku moja upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki ikapitisha Jumapili ikitazama kiduara kinachozunguka kwenye simu. Huku kwetu tulimlaumu kijana wa juu kwamba anapakua filamu.

Lakini ninayempenda zaidi ni tumbili wa Juni 2016. Stima zilipotea nchi nzima mchana. KenGen, wanaozalisha stima, wakatoa taarifa: tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, kituo kikapoteza zaidi ya megawati 180, na gridi yote ikaanguka. Walisema pia kwamba tumbili ni mzima na amechukuliwa na KWS, shirika la wanyamapori. Mtaani watu waliacha kutukana wakaanza kumuulizia tumbili hali. Changamoto za kiufundi hazijawahi kuuliziwa hali na mtu yeyote.

Kwa hiyo nawaomba mnaotuandikia jumbe hizo, acheni mapenzi, tupeni habari. Andikeni: lori la magodoro, saa kumi na moja, karibu na soko, fundi yuko njiani na ngazi yake. Kama hamna hakika, mpigieni muuza sandali. Na kwenye bili ya mwezi huo ondoeni siku tulizokaa bila, kwa sababu huku kwangu nina wateja watatu, na wote wananidai.