Madirisha ya Mama Mkubwa

Kaka yangu alitaka madirisha ya alumini kwa nia njema kabisa. Mbao za zamani upande wa uani zilishaingiwa na mchwa, na vumbi la barabarani lilikuwa linamkohoza Mama Mkubwa usiku kucha. Fundi aliyeletwa kupima akaongeza sababu ya tatu, na hiyo ndiyo iliyomaliza mjadala: ukiweka vioo vya tinti, joto linabaki nje, pangaboi unazima, umeme wa LUKU unadumu. Hesabu ikapigwa sebuleni, kwa kalamu, nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Kwenye karatasi ile vioo vilikuwa vinajilipa vyenyewe.

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili, miongoni mwa zile za Ilala zilizosimama tangu kabla ya Uhuru. Korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, baraza mbele, jiko na choo uani. Kuta ni za fito na udongo, plasta ya saruji ilikuja baadaye, na juu ni bati. Madirisha yalikuwa ya mninga, shata mbili mbili za kufungukia nje, zenye vibao vilivyolazwa mshazari ili hewa ipite hata zikifungwa. Ndani palipigwa nondo na wavu wa mbu, na juu ya kila dirisha palikuwa na safu ya matundu ya hewa. Mchana chumba kilipata moto wa bati kama nyumba yoyote ya mjini. Lakini jua likishazama, upepo uliingia dirishani, ukakata korido, ukatokea uani. Nimelala humo miezi ya pili mingi bila feni.

Mama Mkubwa aliwasikiliza wote, kisha akamuuliza kaka: "Mwanangu, dirisha langu linafunguka lote. Hilo lako linasukumwa, linafunguka nusu. Nusu nyingine anapumua nani?"

"Mama Mkubwa, hilo halina haja ya kufunguliwa."

"Haya. Nyumba ni yenu."

Kazi ilianza na chumba chake, kile kinachotazama magharibi. Fundi alikuwa amepima kwa tepu upande wa ndani tu, akachukua zaidi ya nusu ya fedha, akarudi na kijana mwenye mtarimbo. Fremu ya mninga iligoma muda mrefu. Ilipotoka, juu yake hapakubaki kitu cha kuushika ukuta. Udongo ukaanza kumwagika taratibu, kama mchele unaotoka kwenye gunia lililotoboka, halafu likashuka bonge zima na fito zake, kamba zikiwa bado zimefungwa. Kumbe fremu ile ndiyo iliyokuwa imeubeba ukuta miaka yote. Tulitoa kitanda, tukatoa kabati, tukamtoa na Mama Mkubwa, ambaye alisimama koridoni na khanga yake mdomoni kwa sababu ya vumbi, bila kusema neno.

Ikabidi aitwe mwashi. Matofali, saruji, nondo, lenta ikamwagwa juu ya kila tundu la dirisha, maana baada ya chumba cha kwanza hakuna aliyethubutu kugusa cha pili bila lenta. Matundu yalipojengwa upya yakawa na vipimo vingine, na alumini ilikuwa imeshakatwa kwa vile vya zamani. Fundi akasema anakwenda kurekebisha. Simu yake ikawa haipatikani.

Huo ulikuwa Novemba 2023, na vuli ya mwaka ule, iliyochochewa na El Niño, wakazi wa Dar es Salaam hawajaisahau. Tuliziba madirisha kwa nailoni na misumari. Upepo uliijaza nailoni, ukaichana, maji yakaingia hadi kwenye godoro. Shemeji alikuja na gari kumchukua Mama Mkubwa akakae Tabata mpaka nyumba itengemae. Alikataa katakata. Alitandika mkeka koridoni, sehemu pekee iliyokuwa kavu, akalala hapo na redio yake.

Alumini ilifika hatimaye kwa kirikuu, baada ya kaka kwenda kukaa kwenye karakana ya fundi kuanzia asubuhi hadi jioni. Vioo vikapachikwa, mianya ikajazwa silikoni, na kwa ushauri wa fundi matundu ya hewa yakapigwa plasta ili ubaridi usivuje. Nyumba ilipendeza, nakiri. Majirani walipita kusalimia, wakagonga vioo kwa vidole, wakamuuliza kaka bei.

Usiku wa kwanza hatukulala.

Jua la jioni, na hasa kwenye ukuta wa magharibi, hupiga likiwa limeshuka chini, wala hakuna ukingo wa paa unaoweza kulizuia. Dirisha la zamani lililizuia nje, kwa mbao. Kioo, hata cha tinti, hupunguza tu: chenyewe kinapata moto, na mwanga unaopenya unapasha sakafu, kitanda na nguo. Vitu hivyo vikishapata moto vinautoa kwa namna ambayo kioo hakiipitishi kurudi nje. Ongeza bati lililochomwa na jua mchana kutwa, ziba matundu ambayo hewa ya moto ilikuwa inatokea, fungua nusu ya dirisha badala ya lote. Chumba kinabaki na joto lake hadi alfajiri.

Binamu yetu aliyeko Ujerumani alishangaa tulipomsimulia kwenye simu. Kwake madirisha mapya yamepunguza gharama kweli. Lakini kule vioo huwekwa viwili kwa pamoja, na hewa au gesi katikati, na vita vyao ni vya kuzuia joto la nyumba lisikimbilie kwenye baridi ya nje. Yeye joto analilipia. Sisi joto tunapewa bure mwaka mzima, na kazi ya nyumba ya Dar ni kulitoa. Inaniuma kwamba ushauri wa nchi ya theluji unauzwa mitaani kwetu, kwa watu wanaojinyima ili waulipie, bila mtu kuuliza dirisha linatazama wapi na kusi inaingilia upande gani.

Tukawasha pangaboi. Pangaboi si mlaji mkubwa. La wati 70 likizunguka saa kumi halimalizi yuniti moja. Lakini lilikuwa linazungusha hewa ile ile ya moto, na Mama Mkubwa akaanza kuumwa kichwa. Kaka, kwa huruma, akaenda Kariakoo kununua kiyoyozi cha mtumba. Nilifuatana naye. Tulipita kwenye Soko Kuu, lililoungua Julai 2021, na juu ya mafundi waliokuwa wakilikarabati nikaiona tena miavuli ya zege ya msanifu Beda Amuli; jengo hilo lilifunguliwa 1975. Mwafrika aliyechora soko lile aliweka kivuli juu na kuacha pembeni wazi, na maelfu ya watu walifanya biashara chini yake, mchana wa Dar, upepo ukipita. Niliitazama nikiwa nimekumbatia boksi la kiyoyozi.

Kiyoyozi kilifungwa chini ya dari la hadibodi lililolegea, kwa hiyo joto la darini lilizidi kushuka chumbani na chenyewe hakikupumzika. Kidogo namna ile, kikifanya kazi mfululizo, hula karibu yuniti nzima kwa saa. Kwa bei zilizoanza 2016, nyumba isiyozidi yuniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa yuniti, kabla ya kodi. Ukizoea kuzidi, unahamishiwa kwenye kundi la shilingi 292. Mama Mkubwa alikuwa wa kundi la chini. Siku moja kaka aliingiza tokeni ya fedha ile ile ya siku zote, akatazama yuniti zilizosomeka, akadhani amekosea namba.

Halafu mgao. Umeme ulipokatika usiku, kiyoyozi kikanyamaza, pangaboi likasimama, na ndani ya vioo vile hapakukalika. Mama Mkubwa akachukua mkeka wake akaenda kulala barazani, mzee wa miaka ile, na mbu wote wa Ilala. Asubuhi kaka alimkuta amekaa anajikuna mikono. "Shikamoo, Mama Mkubwa." "Marahaba." Hakumlaumu. Kaka aliondoka bila kunywa chai, akaenda kutafuta shata za zamani.

Jirani alishazijengea banda la kuku. Kaka alimpa bati jipya na mbao za kubadilishana, wakabomoa pamoja, akazirudisha zikiwa na kinyesi na manyoya. Seremala wa Keko akakata sehemu zilizoliwa na mchwa, akaunga mninga mpya, akatia bawaba. Chumba cha Mama Mkubwa kikarudishiwa mbao na wavu. Alumini yake ikahamia sebuleni, upande wa barabara, ambako vumbi ndilo tatizo na pale kioo kinafaa. Vyumba vingine vilibaki na vioo, ila nje vikafungiwa shata za kuzuia jua. Matundu ya hewa yakatobolewa upya, yakawekwa wavu.

Yuniti zimeshuka chini ya 75 tena, na kaka amepeleka maombi turudishwe kwenye bei ya zamani. Sasa anashughulikia joto la bati, ambalo lilistahili kuwa la kwanza. Kiyoyozi kimepata mteja, na fedha yake imenunua singibodi za chumba cha Mama Mkubwa. Za vyumba vilivyobaki zinasubiri zamu ya shemeji kwenye mchezo wao wa upatu, mwezi wa sita.