Bibi wa Usinge na Mchuzi Mweupe wa Kentucky

Huko Lexington, Kentucky, Jumamosi moja kijana wa Usinge, mkoani Tabora, alipambana na unga, unga ukashinda.

Yalianzia mgahawani. Aliposikia asubuhi kuna biskuti, akajua ni zile za dukani karibu na stesheni ya Usinge: pakiti, chai ya rangi, unachovya, basi. Akaletewa vimkate viwili vinene, laini kama pamba, vimefunikwa kitu cheupe kama uji, chenye vipande vya soseji na pilipili manga. Akaangaza huku na huku kumtafuta mgonjwa aliyepikiwa uji ule. Hakumwona. Watu wazima na ndevu zao walikuwa wakifuta sahani. Akaonja, akafuta yake pia.

Kusini mwa Marekani hicho ndicho kifungua kinywa cha watu wa kazi za sulubu. Mchuzi wenyewe huitwa pia mchuzi wa kiwanda cha mbao: unga, maziwa na mafuta ya soseji, vitu rahisi vinavyokaa tumboni. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo wangeielewa hesabu hiyo bila kuelezwa.

Akaamua kupika mwenyewe. Soseji ya huko kwa kawaida ni ya nguruwe, naye ni Mwislamu, akanunua ya bata mzinga kwenye duka la nyama halali. Kumbe ile haina mafuta ya kutosha, na kwa mchuzi huu kwanza unakaanga unga kwenye mafuta ndipo umimine maziwa, la sivyo unajaa mabuje. Akaongeza samli vijiko vitatu, unga vijiko vinne, maziwa vikombe vitatu, akakoroga kwa mwiko. Ukatoka laini.

Kiburi kikampanda.

Biskuti zinataka unga laini wa ngano, beking pauda, siagi baridi na mtindi, na zikandwe kidogo tu. Yeye alichukua unga wa chapati, akaukanda kama anasonga ugali wa harusi. Unga huo una gluteni nyingi. Kadiri unavyoukanda ndivyo unavyokakamaa. Oveni ilimtaka aweke nyuzi 450, akadhani ni joto la kuchomea matofali, mpaka alipokumbuka kuwa Wamarekani hupima kwa Farenhaiti. Kwa Selsiasi ni kama 230.

Robo saa baadaye akazitoa. Moja ikamponyoka, ikaanguka sakafuni. Jirani wa chini akagonga dari.

Lexington saa mbili asubuhi, Usinge saa tisa alasiri: akampigia bibi simu ya video.

“Mume wangu, hicho cheupe ni mboga au uji?”

“Mchuzi, bibi.”

“Na hayo mawe?”

“Biskuti.”

Bibi akamwambia aigonge moja mezani. Ko, ko, ko.

“Basi hawajakudanganya. Ndiyo biskuti hiyo.”

Hapo mlango ukabishwa. Ni jirani wa chini, Mkongo aliyeishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa Kentucky, amekuja na wanawe kuuliza kimeanguka nini. Wakaonyeshwa. Watoto wakazichovya kwenye chai ya maziwa moja baada ya nyingine, kisha wakauliza pakiti iko wapi.

Mchuzi ukabaki sufuriani. Jioni kijana akasonga ugali, akautowelea mchuzi ule, akamtumia bibi picha. Kesho yake akakuta ujumbe wa sauti wa sekunde tatu:

“Kumbe ni mboga.”